Puyol hakuwa wa mabavu tu

Mwandishi, makala yako kumwita Carles Puyol, nahodha wa zamani wa Barcelona, "beki wa mabavu" ni kumpunja. Nusu fainali ya Kombe la Dunia 2010, Wajerumani wamebana, nani aliwafungua? Dakika ya 73 Xavi anachonga kona, jamaa anakuja mbio kutoka nyuma, anaruka karibu ampande Piqué wake mwenyewe, kichwa, wavuni! Hispania fainali.

Halafu Wembley 2011, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya: nahodha yeye, lakini kitambaa akamvisha beki mwenzake Abidal, aliyekuwa amepasuliwa uvimbe wa ini miezi michache tu nyuma, ili ndiye anyanyue kombe la Ulaya. Barcelona tu, 1999 mpaka 2014, na goti ndilo lililomstaafisha, siyo mawinga. Sergio Ramos, beki mwenzake wa Hispania, ana mabao mengi, sawa. Kwa kukaba namchukua Puyol, huyu mwenye manywele.