Mtikisiko wa Atomu Ndani ya Kihami Umeeleweka Nusu

Transfoma ikiungua Mbalizi au kikombe cha nguzo kikipasuka Mafinga, mafundi wengi hulitaja joto kwanza. Na kwa kuwa joto la kitu kigumu ni mtikisiko wa atomu zake, wanafunzi wa umeme huhitimisha kwamba kadiri atomu zinavyotulia ndivyo kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, kinavyostahimili umeme zaidi. Hitimisho hilo linaacha sehemu kubwa ya fizikia.

Tuchukue silika, yaani oksidi ya silikoni, ambayo utando wake mwembamba hustahimili takriban volti 1,000 kwa kila maikromita ya unene. Katika uga (nguvu ya umeme inayoisukuma elektroni) mkali kiasi hicho, elektroni isiyozuiwa na chochote ingevuna elektronivolti 1, kipimo kidogo cha nishati, katika kila nanomita. Pengo la nishati la silika, yaani nishati inayohitajika kuing'oa elektroni iwe huru, ni kama elektronivolti 9; kwa hiyo baada ya nanomita 9 hivi ingeweza kung'oa elektroni ya pili, mbili zingezaa nne, na utando wa nanomita 100 ungetobolewa mara moja. Hautobolewi, kwa sababu elektroni huutikisa mpangilio wa atomu inaoupita na kuuachia nishati kwa vipande viitwavyo fononi, ambavyo vikubwa vyake ni kama elektronivolti 0.15. Hesabu hii inastahili kutazamwa tena: hata kwa nusu ya uga huo, elektroni hulazimika kutoa fononi zaidi ya tatu katika kila nanomita, umbali wa atomu chache tu, ili isizidi kupata kasi. Vipimo vya miaka ya 1980 vilionyesha kwamba katika uga wa volti mia kadhaa kwa maikromita, wastani wa nishati ya elektroni ndani ya silika hubaki elektronivolti chache.

Utoaji huo wa fononi hutokea hata kwenye baridi kali, lakini joto huongeza migongano ya elektroni na atomu zinazotikisika. Ndiyo maana mwanafizikia Herbert Fröhlich alitabiri mwaka 1937 kwamba, katika fuwele safi (vitu vigumu ambavyo atomu zake zimepangika kwa utaratibu), ustahimilivu ungepanda pamoja na jotoridi. Na fuwele za jamii ya chumvi ya mezani hufanya hivyo kutoka baridi kali hadi karibu na joto la chumba.

Hoja ya upande wa pili ni ya kweli, na ndiyo inayogusa kazi za kila siku. Joto likizidi, ayoni (atomu zenye chaji) na elektroni zilizonaswa hulegea, mkondo unaovuja hukua, nao huongeza joto hadi kihami kiungue. Karatasi ya transfoma huchakaa upesi ikipata joto, na kauri nene kwa kawaida hushindwa penye ufa au unyevu, muda mrefu kabla ya kufikia kikomo alichokijadili Fröhlich. Kwa hiyo fundi wa Iringa anayepoza transfoma yake anafanya sawasawa: anazuia mkondo unaovuja usikue na karatasi isichakae. Atomu zinazotikisika, kwa upande wao, zinaendelea kuzipunguzia elektroni nishati wakati wote huo.