Haraka ya Penseli

Juzi binti yangu wa miaka 5 alirudi kutoka chekechea hapa Dortmund na karatasi aliyoibandika majani makavu kwa gundi. Jioni hiyohiyo dada yangu akanitumia kutoka Nakuru picha ya daftari la mwanawe wa miaka 4, aliye PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea: ukurasa mzima wa neno "apple", mstari baada ya mstari, na alama nyekundu ya kosa kila mahali ambapo mkia wa herufi p ulikosa mstari.

Nakiri kwamba nilichohisi kwanza ni wivu. Kesho yake nilimuuliza mwalimu herufi zitaanza lini, naye akanijibu kwa upole kwamba hiyo ni kazi ya shule, mtoto akishafika miaka 6. Wao kazi yao ni mkasi, udongo wa kufinyanga na kufunga vifungo vya koti. Mama yangu aliposikia hayo alicheka hadi akakohoa. "Yaani mwanangu, unalipa pesa mtoto akaokote majani?"

Nilicheka naye, lakini picha ile ya daftari haikunitoka. Kiganja cha mtoto wa miaka 4 hakijakomaa. Baadhi ya mifupa midogo ya kifundo chake bado ni gegedu, na huenda bado anaikamata penseli kwa ngumi kama mtu anayetwanga. Mtaala wetu wa Umilisi (CBC) kule Kenya wenyewe unalijua hilo, kwani katika chekechea unataka mtoto achore, apake rangi na kufinyanga kabla ya kudaiwa mwandiko. Shida ni kwamba mzazi wa kwetu hulipima daraja la shule kwa daftari, na mwenye shule, ambaye karo yake inategemea mzazi huyo, atahakikisha daftari limejaa.

Sasa nawasikia wenzangu wa mitaa ya Bondeni na Shabab kule Nakuru: huyu amekula mkate wa Wajerumani miaka miwili, leo anatufundisha kulea. Tena watanikumbusha kwamba mimi mwenyewe nilichapwa vidole kwa sababu ya herufi g, na leo maafisa wa huku wanausifu mwandiko wangu kwenye fomu zao. Ni kweli, na ninajivunia mwandiko huo kuliko ninavyoonyesha. Wala Wajerumani si malaika. Zipo shule zao zilizofuata njia ya mwalimu Mswisi Jürgen Reichen, ambapo mtoto hupewa jedwali la picha na herufi, kisha huandika kama anavyosikia bila kusahihishwa mapema. Mtoto wa jirani yangu aliandika "Fata" akimaanisha Vater, yaani baba, na ilichukua muda mrefu kumwachisha. Wazazi walilalamika sana, na baadhi ya majimbo yaliipiga njia hiyo marufuku.

Lakini hebu tulitazame kosa hilo kwa jicho la Kiswahili. Mtoto wa Nakuru akiandika kama anavyosikia atapata "baba", na atakuwa sahihi. Atapata "maji", "kuku" na "taa" bila kuchapwa na mtu. Tangu ripoti ya elimu ya kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 tumekuwa tukiambiwa kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na mtaani kwetu, ambako Mkikuyu, Mluhya na Mjaluo wanagombania mpira mmoja, lugha hiyo ni Kiswahili. Sisi tukaacha silabi zinazotii sikio, tukampa mtoto wa miaka 4 neno lenye p mbili ambazo sikio linasikia moja, na e ya mwisho isiyosikika kabisa, kisha tukamwekea kosa jekundu.

Mtanijibu kwamba bila "apple" hapati nafasi gredi ya kwanza katika shule nzuri. Dada yangu ameshanijibu hivyo, kwa ukali, na sina la kumwambia, kwa kuwa si mimi nitakayesimama naye kwenye foleni ya mahojiano mwezi wa Januari. Nilichofanya ni kumwomba ampe simu mwanawe. Nikamwambia, "Mjomba, niandikie kitu chochote unachotaka, hata kimoja tu." Alinyamaza kidogo, nikasikia kurasa zikifunuliwa, kisha akauliza, "Uncle, nikopi wapi?"