Chesisi ya lori: uchomelee au ufunge bolti?

Mtaani ukimuuliza fundi atakwambia kuchomelea ndo kiboko, bolti zinalegea. Kwa geti la nyumba sibishi, tena ukifunga bolti mwizi anakuja na spana anafungua kimya kimya. Tenki la mafuta pia lichomelewe tu lisivuje. Ila kwenye chesisi ya lori, yaani ile fremu ya chuma inayobeba lori zima, naona tunakosea, na watu wanapoteza maisha barabarani.

Chungulia chini ya lori jipya uone, zile chuma za kukatiza mara nyingi zimeshikwa na ribiti (pini za chuma zinazogongwa mpaka zibane) au bolti, na sio kwamba kiwanda hakijui kuchomelea. Lori likiingia kwenye mashimo, tairi moja juu lingine chini, fremu nzima inajipinda na yale maungio yanatakiwa yaupokee ule mpindo. Ukichomelea unapafanya pakakamae, halafu moto unaharibu chuma cha pembeni, ufa unaanzia hapo hapo ukingoni mwa weldi.

Wamarekani yaliwakuta vita ya pili ya dunia, meli zao za mizigo zilizoitwa Liberty walizichomelea badala ya kupiga ribiti ili zitoke haraka na zilitoka kweli, zaidi ya 2,700, lakini baadhi zilipasuka na chache zikakatika vipande viwili. Tuseme haki, weldi haikuwa na kosa peke yake, chuma chao kwenye baridi kilikuwa kinapasuka bila hata kupinda, na kona za mraba za sitaha ndo zilianzisha nyufa. Ila kwenye ribiti ufa ukifika mwisho wa bamba mara nyingi unaishia hapo, kwenye weldi unavuka tu kwenda bamba la pili.

Sasa hili la bolti kulegea ni kweli, mafundi hawajatunga. Bolti ikikazwa inavutika kidogo, na ule mvutano ndo unabana bamba mbili zisisogee. Zikianza kusogea kwa pembeni nati inajifungua yenyewe, injinia Mjerumani Junker alilionyesha hilo 1969, na springi washa, ile pete iliyokatwa tunayoweka chini ya nati na kuitegemea sana, haizuii. Tatizo ni kwamba tunakaza kwa kusikilizia mkono, spana ya torki inayopima nguvu ya kukaza hatuna, na bolti tunanunua yoyote inayoingia kwenye tundu. Angalia namba kichwani mwa bolti, ya 8.8 inahimili kuvutwa mpaka megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 800, 4.6 inaishia 400, kwahiyo ukitoa ya kwanza ukarudisha ya pili umekata nguvu nusu na kwa macho, ukiacha hiyo namba, zinafanana kabisa!

Ufa ukitokea usiku porini, chomelea ufike gereji, sikulaumu. Ila ukifika weka bamba la kuongezea nguvu, funga bolti za 8.8 au 10.9, toboa ubavuni mwa fremu na sio kwenye mdomo wake uliokunjwa, wa juu wala wa chini, kaza kwa kipimo, na baada ya safari ya kwanza rudi uzikague tena.