Kijana Ameshasema, Sisi Ndio Hatujasikia

Kijana akilalamika tumbo kila asubuhi ya siku ya shule, akapimwa na asionekane na ugonjwa, wengi wetu humwona anadeka. Mimi naamini mara nyingi hapo ameshaomba msaada, kwa maneno aliyonayo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 40, hao ni watano au sita. Nani kati yao atasimama aseme, "Nina sonona"? Huenda neno lenyewe, jina la ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hajawahi kulisikia. Anachokijua ni kichwa kinachogonga, usingizi unaokatika usiku wa manane, uchovu usioisha hata akilala. Na hasira. Sisi huzuni tunaitafuta kwenye machozi, kumbe kwa kijana sonona huweza kuja na ukali: anajibu mkato, anabamiza mlango, anaususa mchezo aliokuwa akiupenda. Tunamwadhibu kwa utovu wa nidhamu, naye anajifungia zaidi.

Ndiyo maana sikubaliani na kampeni zinazowahimiza vijana wafunguke, basi. Wakifunguka wanakutana na nini? "Unakula, unavaa, unasomeshwa, una shida gani wewe?" Kauli hiyo moja inaweza kumfunga mtoto mdomo kwa miaka. Heri ungemwambia, "Nimekusikia, endelea," ukanyamaza. Kunyamaza huko ni kugumu, nakiri, hasa kwa mzazi.

Kuna na hofu ya kumuuliza kama anafikiria kujiua, eti utamtia wazo. Tafiti hazijaonyesha hivyo. Muulize kwa upole, bila kuzungukazunguka. Akikubali, usimwache peke yake, weka mbali dawa na chochote anachoweza kujidhuru nacho, mpeleke kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Lakini anayeambiwa wa kwanza mara nyingi si mzazi, ni rafiki, tena kwa kuapishwa asimwambie mtu. Kama ni wewe uliyeapishwa, kiapo hicho kivunje. Usimzunguke; mwambie mwenzako kwamba utamtafuta mtu mzima mnayemwamini, na kwamba mtakwenda wote wawili. Akikununia, mwache anune, nenda naye hivyo hivyo.