Mshipa wa damu si bomba la kusuguliwa

Matangazo ya "dawa ya kusafisha mishipa" yamejaa kwenye makundi ya WhatsApp, na picha ni ileile kila mara: bomba lililoziba uchafu wa manjano, halafu bomba hilohilo linang'aa. Picha hiyo inapotosha watu, na inapotosha pale penye hatari zaidi. Ndani ya mshipa mmetandazwa safu moja tu ya seli hai, iitwayo endothelia, na safu hiyo ndiyo inayouamuru msuli wa mshipa ulegee.

Aliyetuonyesha hilo ni mtafiti wa dawa Robert Furchgott, huko Brooklyn, New York. Tangu miaka ya 1950 alikuwa akikata vipande vya aota ya sungura, yaani mshipa mkubwa utokao moyoni, anavitundika kwenye chombo chenye maji ya chumvi na kupima nguvu vinavyovuta. Akitia asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kupeleka ujumbe, kipande kinakaza. Lakini ukimdunga mnyama mzima dawa hiyohiyo, presha yake inashuka, yaani mishipa inalegea. Fumbo hilo lilikaa miaka mingi. Mwaka 1978 fundi wa maabara yake alichanganya mpangilio wa hatua, na kipande kikalegea badala ya kukaza. Furchgott hakulipuuza. Alifuatilia mpaka akabaini kwamba wakati wa kuandaa vipande, upande wa ndani ulikuwa ukisuguliwa bila kukusudia na zile seli zikitoka. Msuli wenyewe ulibaki mzima na uliweza kukaza vizuri tu. Kilichopotea ni amri ya kulegea.

Jaribio lililofuata ndilo ninalolipenda kuliko yote. Alichukua kipande kilichokwisha kusuguliwa, akakilaza uso kwa uso na kingine chenye seli zake, kisha akatia asetilikolini. Kile kilichosuguliwa kikalegea! Kuna kitu kilikuwa kinavuka kutoka kwa jirani yake. Mwaka 1980 yeye na mwenzake John Zawadzki wakachapisha matokeo hayo.

Kitu chenyewe ni nini? Mwaka 1986 Furchgott na mtafiti mwingine, Louis Ignarro, kila mmoja kwa njia yake, walisema ni gesi, nitriki oksaidi. Mwaka uliofuata kikosi cha Salvador Moncada kule Uingereza kikaipima ikitoka kwenye seli hizo. Endothelia huitengeneza kutokana na arjinini, mojawapo ya viungo vya protini, inapenya hadi kwenye msuli, inaamsha kimeng'enya humo, kalisiamu inapungua na msuli unalegea. Yote hayo kwa gesi inayodumu sekunde chache. Mtafiti wa tatu, Ferid Murad, alikuwa ameshaonyesha mwaka 1977 kwamba nitrogliserini, dawa ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, hufanya kazi kwa kutoa gesi hiyohiyo. Nobeli ya 1998 ilikwenda kwa Furchgott, Ignarro na Murad. Moncada, mzaliwa wa Honduras, aliachwa, na mpaka leo naona hakutendewa haki.

Sasa turudi kwetu. Sigara, kisukari na presha isiyodhibitiwa huichosha endothelia muda mrefu kabla mshipa haujaziba. Mwaka 1986 madaktari wa Boston walipitisha asetilikolini kwenye mishipa ya moyo ya wagonjwa. Mishipa mizima ilipanuka. Iliyokwisha kuugua ilibana, hata pale ambapo ugonjwa ulikuwa bado mdogo. Hapo hakuna uchafu wa kukwangua. Kuna seli zilizoshindwa kazi yake, na zinahitaji kulindwa: kuacha sigara, kushusha sukari, kutembea kwa kasi, kwa sababu damu ikipita kwa nguvu seli hizo huihisi na kutoa gesi zaidi.

Kinachoniuma ni mtu aliyeandikiwa vidonge vya presha, akaviweka kando ili fedha ile anunulie chupa ya "kusafisha". Presha yake inaendelea kupanda, na inaiumiza safu ileile aliyoahidiwa kwamba itasafishwa. Mwenye ndugu wa namna hiyo amrudishe kliniki wiki hii, apimwe, na vidonge vyake aendelee navyo.