Hati za Shamba

Kosa langu lilikuwa kujitapa. Niliwaambia watu wa nyumbani waache kubanana kwenye simu kama kuku kwenye tenga. Jumamosi jioni ningeunganisha kompyuta yangu na TV, tutazame filamu za mtandaoni kwa nafasi. "Kazi ya dakika tano," nikasema. Ukimsikia mtu anataja dakika tano kuhusu waya, mtandikie kabisa kitanda.

Jumamosi ikafika, nao wakafika. Baba alikalia kiti chake, ambacho hata akisafiri hakuna anayekigusa. Shangazi, dada yake mkubwa, akatwaa katikati ya kochi, akafuta miwani. Wapwa zangu watatu wakajipanga sakafuni. Mimi nikajichimbia nyuma ya TV, simu yenye tochi mdomoni, napapasa matundu kwa vidole. Ya HDMI yalikuwa mawili. Moja lilikuwa na mpangaji wake, waya wa king'amuzi, na jingine lilielekea ukutani kwa namna ambayo labda mjusi ndiye angeweza kulichomekea kitu. Chini yake nikagusa tundu pana la VGA, lile la buluu lenye vishimo 15. Kompyuta yangu, kwa uzee wake, nayo inalo. Na waya wake nilikuwa nao kwenye droo miaka yote hiyo, mke wangu akiniuliza wa nini. Nilikaza skrubu zake kwa kucha huku najisikia mtu mwenye akiba.

TV ikawaka. Ikatokea picha moja, kubwa, safi: mimi. Nimevaa suti, nimekunja mikono, natabasamu kama mgombea.

"Mjomba, filamu yenyewe ni wewe?" akauliza yule mdogo.

"Ngojeni," akasema Shangazi. "Labda atasema kitu."

Ilikuwa picha niliyoipamba nayo kompyuta. Kompyuta ikiona skrini ya pili mara nyingi huitanua meza yake: nusu inabaki kwake, nusu inahamia kwenye TV. Filamu ilikuwa imebaki kwangu, wao wakapewa ukuta mtupu na sura yangu. Kishale nacho kikapotea. Nikakitafuta kila kona, kumbe kilishavuka ukingo wa kulia na kuingia upande wao. Wapwa zangu ndio walioniambia kiko puani mwangu. Nikakisukuma, kikapanda kwenye jicho. Walicheka mpaka Baba akageuza uso pembeni, na Baba si mtu wa kugeuza uso pembeni. Hatimaye nikakumbuka kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, nikachagua skrini zote mbili zioneshe kitu kimoja, filamu ikatokea.

Wakapiga makofi. Mwanaume mwenye koti jeusi akafungua mdomo kusema, na hakuna aliyesikia neno.

"Ongeza sauti," akasema Baba. Nikachukua rimoti ya TV, nikapandisha mpaka 40. Kimya. Nikafika 70. Kimya. Nikaenda mpaka 100, ikagoma kupanda zaidi. Sauti ilikuwepo, ila ilikuwa inatoka kwenye vispika vya kompyuta, nyembamba kama mbu ndani ya chupa. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo fundi yeyote angeniambia bure: VGA ni ya mwaka 1987, na inabeba picha peke yake. Sauti haipiti humo hata uibembeleze.

Nikaanza kueleza habari za mawimbi ya analogi. Shangazi akanikatiza.

"Huyu mwenye koti," akasema, macho kwenye TV, "anamtafuta mdogo wake. Mdogo mtu katoroka na hati za shamba."

Tukamtazama. Mwenye koti akasogeza midomo, na Shangazi akamsemea kwa sauti nzito: "Nilikupa hati kwa mkono wangu huu!" Akaingia mwanamke mwenye bastola, Shangazi akabana pua: "Shemeji, mimi simo." Gari likalipuka. "Na lilikuwa la mkopo," akasema kwa huzuni, na Baba akashika kichwa.

Mimi sikuwa na muda wa shamba. Heshima yangu ilikuwa imelala chali. Nikarudi nyuma ya TV, nikauchomoa waya wa HDMI wa king'amuzi, maana ule unabeba picha na sauti kwa pamoja, nikauchomeka kwenye kompyuta. Picha ikaja nzuri kuliko mwanzo. Sauti ikabaki kwa mbu wangu.

Basi nikafanya wanachofanya wote walioishiwa: nikaizima kompyuta na kuiwasha upya. Nayo ikaona huo ndio wakati mwafaka wa kujisasisha. Kwenye TV yote kikabaki kiduara kinachozunguka, na chini yake onyo kwamba nisizime. Asilimia 3.

"Sasa mwenye koti yuko ndani ya kisima," akasema Shangazi, bila kusitasita. "Anazunguka akitafuta njia." Kiduara kikazunguka. Asilimia 27 akasikia sauti ya mdogo wake juu. Asilimia 64 ikatupwa kamba, lakini ni fupi. Pale 99 tulikaa muda mrefu sana, na mpwa wangu mmoja akaanza kulia kwa sababu kamba ilikuwa inakatika.

Kompyuta ikafunguka. Nikarudisha filamu, bado bubu. Nikaingia kwenye mipangilio, nikabofya nisivyovijua, nikafuta nisichopaswa kufuta. Mpwa wangu wa miaka tisa akaja kusimama begani kwangu.

"Mjomba, hii alama ya spika ukiibonyeza inatokea orodha. Mbona hujachagua jina la TV?"

Kabla sijamjibu, akabonyeza.

Mnakumbuka rimoti niliiacha kwenye 100. Risasi ya kwanza ilipiga dirisha likatetemeka. Paka alitoka kwa mlango ambao sijui kama ulikuwa wazi. Miwani ya Shangazi ilikutwa baadaye chini ya kochi. Nilitambaa mpaka kwenye rimoti, nikashusha hadi 20, nikasimama mbele yao natoka jasho, fundi aliyeshinda.

Tukasikiliza. Mwenye koti alikuwa anasoma namba za siri kwa bosi wake kwenye simu. Akazisoma zote. Bosi akamwomba arudie.

"Shamba liko wapi?" akauliza yule mdogo.

Baba akaninyoshea kidole. "Wewe, zima hiyo sauti." Kisha akamgeukia Shangazi na kusogeza kiti chake karibu na kochi. "Dada, ile kamba ilikatika?"