Mtoto ana mafua tangu jana tu, amoksilini ya nini?

Jumamosi nilikuwa duka la dawa hapa Igoma, Mwanza, nasubiri zamu yangu, mbele yangu kuna dada kambeba mtoto, makamasi yanamtoka lakini mtoto mwenyewe mchangamfu anavuta hereni za mama yake. Dada akasema ana mafua tangu jana na leo yameanza kuwa ya kijani. Muuzaji hakuuliza hata swali moja, akageuka akashusha amoksilini ya maji, afu akamhesabia na mama vidonge vinne vya rangi mbili kwa sababu na yeye anakohoa. Vinne! Roho imeniuma mpaka leo ndo naandika.

Jamani mafua ni virusi. Amoksilini inaua bakteria kwa kuwaharibia ukuta wao, kirusi hakina ukuta huo, kwahiyo dawa inazunguka mwilini haina cha kushika.

Na hili la kijani ndo linanichoma kabisa maana hata mimi nilidanganywa nalo miaka kadhaa. Kirusi kikiingia kwenye seli ya pua kinaanza kujizalisha humo ndani, na ile seli kabla haijafa inatoa kitu kinaitwa interferoni, waligundua akina Alick Isaacs na Jean Lindenmann kule London mwaka 1957. Kazi yake ni kama mtumbwi uliotangulia ukikutana na dhoruba ukapiga kelele, mitumbwi ya nyuma ikasikia ikageuza, seli za jirani zinajifunga mapema kirusi kisipate pa kuzalia. Afu zinakuja seli nyeupe, nyingi sana, nyingine zimebeba kimeng'enya chenye madini ya chuma ambacho rangi yake ni ya kijani, zinapigana zinafia hapohapo puani na kamasi inachukua rangi yao. Yaani unachokifuta kwa kitambaa ni jasho la mwili wa mwanao, anapambana, na sisi tunakimbilia dukani kana kwamba kaoza!

Hata homa na ule mwili kuuma sehemu kubwa ni kazi ya kinga yenyewe, ubongo unapandisha joto kwa makusudi, na virusi vingi vya mafua vinazaliana vizuri kwenye nyuzi 33 za puani kuliko 37 za ndani.

Sasa kingamwili, zile zinazotengenezwa kwa ajili ya kirusi hichohicho kilichoingia, zinachukua siku kadhaa mpaka wiki na zaidi kuwa za kutosha. Hebu angalia hesabu hiyo. Umemeza dawa siku ya tatu, siku ya saba umepona, unasema amoksilini imenisaidia, jirani anasikia naye ananunua. Sifa ya mwili wako umeipa dawa! Hapo ndo tumekwama, kila mtu mtaani ana ushahidi wake na ushahidi wote ni wa siku ya saba.

Mtu ataniuliza kama kinga inajifunza mbona mafua yanarudi mwezi ujao. Yanarudi mengine. Virusi vya mafua vya jamii ya raino peke yake viko aina zaidi ya 100, na wavu uliosukwa kwa ajili ya sangara dagaa wanapita, watu wa soko la samaki la Mwaloni mnanielewa.

Na vile vidonge vinne vinaua bakteria dhaifu tu, wale sugu wanabaki wanazaana, siku mtoto akipata nimonia ya kweli dawa inagoma.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba sio kila mtu anaweza kusubiri. Huku kwetu homa inaweza kuwa malaria, apimwe, usikisie. Na kanda ya ziwa watoto wenye siko seli ni wengi, huyo akipata homa ni hospitali moja kwa moja hakuna kungoja. Na yule dada simlaumu hata kidogo, foleni ya hospitali ni siku nzima ya biashara imekufa. Ninayemlaumu ni aliyevaa koti jeupe nyuma ya kaunta akashindwa kuuliza tu, mtoto anapumuaje?

Maana swali lenyewe ni hilo, kuhesabu pumzi dakika moja nzima mtoto akiwa ametulia. Miezi 2 mpaka 11, zikifika 50 mpeleke. Mwaka mmoja mpaka mitano, zikifika 40 mpeleke. Chini ya miezi miwili ni 60, ila huyo hata akiwa na homa tu usibaki nae nyumbani. Mbavu zikibonyea ndani akivuta hewa, au amekataa kunyonya, mpeleke hata kama ni saa nane usiku.

Wangu wa miaka mitatu naye anayo wiki hii, ya kijani kabisa. Juzi usiku nilimfunua kifua, nikawasha saa ya simu nikahesabu, zikaja 32. Nikamsafisha pua kwa maji ya chumvi, nikampa maji ya kunywa, nikamfunika.